Dungu la Kulungu katika Vichaka vya Kentucky: Dalili, Vyanzo na Marekebisho

Mwindaji anayekaa dunguni, yaani kwenye jukwaa lililofungwa juu mtini, katika kichaka kizito akikosa mnyama, dawa ya kwanza anayoikimbilia ni kupanda juu zaidi. Dungu la futi 15 hupelekwa futi 20, la futi 20 hupelekwa futi 25, na kulungu wanaendelea kupita kwingine. Urefu hutibu matatizo machache tu, na mara nyingi huleta mengine ambayo hayakuwapo. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na dalili yenyewe, yaani kile ulichokiona, ulichokisikia au ulichokikuta ardhini, kisha unarudi nyuma hadi kwenye chanzo chake, na urefu wa dungu unaguswa pale tu unapohusika kweli.

Mnyama anayezungumziwa ni kulungu mkia-mweupe, Odocoileus virginianus, na mahali ni jimbo la Kentucky nchini Marekani, ambako msimu wa upinde hufunguliwa Jumamosi ya kwanza ya Septemba na kufungwa Jumatatu ya tatu ya Januari, na ule wa bunduki za kisasa hufunguliwa Jumamosi ya pili ya Novemba. Anayehitaji leseni ya kuwinda, ikiwa alizaliwa tarehe 1 Januari 1975 au baada ya hapo, anatakiwa pia kuwa na kadi ya mafunzo ya uwindaji. Miji ya Louisville na Lexington ina wasemaji wengi wa Kiswahili, na kwa baadhi yao dungu si kitu kigeni, kwani wamekulia penye madungu ya kulindia mpunga na mahindi dhidi ya ndege, ngedere na nguruwe. Uzoefu huo unasaidia, ila mlinzi wa shamba hupanda ili aonekane na asikike, na mazoea yake ya kusimama, kugeuka na kuangaza macho pande zote ndiyo yanayomfukuza kulungu kabla hajafika karibu.

Dungu linalia, linacheza au limeinama

Dalili hii itangulie nyingine zote, kwa sababu inaweza kuua. Dungu lililokuwa imara mwaka jana likianza kulia mwaka huu, usilikalie kwanza ili ujaribu. Likague ukiwa chini, kisha likague tena ukiwa umejifunga kwenye mti. Chanzo cha kawaida ni mikanda ya kufungia iliyoachwa mtini mwaka mzima. Jua hula nyuzi zake mpaka zikawa kavu na zenye rangi iliyopauka, kindi huzitafuna, na mti wenyewe hunenepa na kuuvuta mkanda hadi karibu na kikomo chake. Mkanda wenye ukingo uliochanika hata kidogo hutupwa. Msimu ukiisha, legeza au ondoa mikanda yote, na kabla ya msimu unaofuata fungia mipya. Ikiwa mikanda ni mizima na kelele ipo, angalia maungio ya chuma. Kaza boliti na weka washa za nailoni pale ambapo chuma kinasuguana na chuma.

Chanzo kingine ni mti wenyewe. Miti ya jamii ya eshi imekufa kwa wingi katika jimbo hili tangu mbawakavu wa kijani anayeishambulia kuthibitishwa Kentucky mwaka 2009, na mti wa eshi uliokufa husimama ukiwa umenyooka na kuvutia macho ya mwindaji, huku mbao zake zimekauka na kuwa rahisi kukatika ghafla. Tazama gome kwa karibu: vitundu vidogo vyenye umbo la herufi D, visivyozidi upana wa milimita chache, na chini ya gome lililobanduka mifereji inayopinda kushoto na kulia, ni alama za mbawakavu huyo. Mti wa namna hiyo usifungwe dungu kabisa, wala usikae chini ya matawi yake. Mhikori wenye gome la mabamba nao haufai kwa dungu la kupandia, yaani lile linalopanda pamoja na mwindaji, kwa sababu meno ya dungu hushika bamba badala ya mti, na bamba huachia bila kutoa taarifa.

Watu huanguka zaidi wakati wa kupanda, wa kushuka, na wa kuvuka kutoka kwenye ngazi kwenda kwenye jukwaa kuliko wakati wameketi. Mkanda wa mwili mzima unaovaliwa baada ya kufika juu, kwa hiyo, umechelewa. Funga kamba ya usalama kuanzia chini ya mti hadi juu ya kichwa chako, yenye fundo la kuteleza linalokuja pamoja nawe, na ujiunge nayo mguu ukiwa bado ardhini. Ukiwa umeketi, kamba inayokuunganisha na mti isiwe na ulegevu mwingi, kwa kuwa kila futi ya ulegevu ni futi ya kuanguka. Silaha hupandishwa kwa kamba nyingine baada ya wewe kuketi na kujifunga, ikiwa haina risasi na mtutu ukiangalia chini. Simu na filimbi ziwe mfukoni unapoweza kuzifikia ukiwa unaning'inia, pamoja na kipande cha mkanda cha kukanyagia, kwa sababu mtu anayening'inia bila kusogeza miguu damu hutuama miguuni, na hali hiyo ni hatari hata kama hakuumia popote.

Unasikia hatua, huoni mnyama

Hapa ndipo swali la urefu linapostahili kuulizwa, na jibu lake linategemea aina ya kichaka. Vichaka vinene vya Kentucky viko vya namna mbili kuu, na tiba ya kimoja hudhuru katika kingine.

Namna ya kwanza ni hanisakoli ya vichaka, Lonicera maackii, mmea ulioletwa kutoka Asia Mashariki na ambao sasa umefunika kingo za misitu na mabonde mengi ya jimbo. Hutoa majani mapema kabla ya miti ya kienyeji, na huyashikilia mpaka ndani ya Novemba wakati mialoni imekwisha kupukutika, hivyo mwindaji aliyechagua mahali mwezi wa Februari hukuta ukuta wa kijani siku ya kwanza ya msimu. Hanisakoli iliyokomaa hutandaza kilele chake kwa juu, lakini chini yake ardhi huwa tupu, kuna mashina tu na kivuli. Ukikaa futi 20 juu unatazama paa la majani, na kulungu anapita chini yake, unamsikia akikanyaga majani makavu bila kuona hata sikio. Katika kichaka hiki shuka. Dungu la futi 8 hadi 10, lililoegemezwa kwenye shina nene au kundi la mierezi linalokuficha mgongo, hukuwezesha kuona kati ya mashina, na wakati mwingine kukaa ardhini kabisa ni bora zaidi.

Namna ya pili ni matawanyiko ya miiba ya beri nyeusi, nyasi ndefu na mierezi michanga, ambayo imejaa hadi chini lakini ina nafasi wazi kati ya fungu na fungu. Hapa urefu unasaidia, na hesabu yake ni nyepesi. Kichaka cha mita 1.5 kilicho mita 10 kutoka mtini kinakufichia karibu mita 3 za ardhi nyuma yake ikiwa macho yako yako mita 7 juu, na mita 6 ikiwa macho yako mita 4 juu. Mita hizo tatu za tofauti ndizo mahali ambapo kulungu husimama na kusikiliza kabla ya kutoka.

Kukata njia za kuonea ni tiba ya kweli kwa namna zote mbili, mradi ikatwe kwa kiasi na kwa wakati. Njia tatu au nne nyembamba, zinazokingama na mapito ya wanyama, zinatosha. Uwanja mpana uliosafishwa huwafanya kulungu wazunguke pembeni mwake. Zikatwe mwishoni mwa majira ya baridi au, kwa kuchelewa kabisa, majira ya joto, ili wanyama wazizoee kabla ya Septemba. Kisiki cha hanisakoli kisichopakwa dawa ya magugu mara baada ya kukatwa kitachipua upya na kuwa kinene kuliko awali. Usikate kilicho nyuma yako wala cha ubavuni, kwa maana huko ndiko kificho chako kiliko. Katika ardhi ya mtu omba ruhusa ya kukata kando na ile ya kuwinda, na katika maeneo ya umma tumia dungu la kubebeka lisilojeruhi mti: hakuna misumari wala skrubu.

Kulungu anasimama, anapiga kwato, anapuliza pua na kukimbia

Wengi husema tu kwamba ameshtuka, na hapo hukosa habari muhimu kuliko zote. Angalia alichofanya kabla ya kushtuka. Aliyekuona hukazia macho mahali ulipo, hushusha kichwa kana kwamba anakula kisha hukiinua ghafla, na hupiga kwato la mbele akijaribu kukufanya usogee. Aliyekunusa hainui macho mtini. Huinua pua, hugeuza kichwa kuelekea upepo utokako, na mara nyingi huondoka bila kusubiri ushahidi zaidi. Aliyefika akiwa tayari ameshtuka, shingo imenyooka na hatua fupi fupi, alikusikia ukipanda au alikuta harufu ya miguu yako njiani, na tatizo lake linatibiwa katika sehemu inayofuata.

Tukianza na macho, kulungu hana chembe za macho za kupokea rangi nyekundu, kwa hiyo vazi la rangi ya chungwa la kung'aa halimpigii kelele kama linavyotupigia sisi. Wakati wa misimu ya bunduki wawindaji wa Kentucky, hata wa upinde, wanatakiwa kulivaa kichwani, kifuani na mgongoni, na hakuna sababu ya kulificha dunguni kwa hofu ya kuonekana. Rangi anayoiona vizuri kuliko sisi ni ile ya upande wa bluu na mionzi inayofuata baada ya zambarau. Sabuni za kufulia zenye vitu vya kung'arisha huifanya nguo irudishe mwanga wa namna hiyo hasa alfajiri na magharibi, kwa hiyo fua nguo za kuwindia kwa sabuni isiyo na ving'arishi. Hata hivyo kinachowafichua watu wengi ni mwendo na umbo lililochorwa angani. Simama chini, hatua chache kutoka alipo mwenzako dunguni: ukiona mbingu nyuma ya kichwa chake, kulungu naye ataiona. Tiba ni kuhamia mti wenye matawi au mashina pacha nyuma, na mara nyingi mti huo utakulazimisha kukaa chini zaidi.

Pua ni jambo gumu zaidi, na ndani ya kichaka upepo wa utabiri wa hali ya hewa hauaminiki. Utabiri hueleza upepo wa juu ya miti, ilhali chini, katika korongo lililozungukwa na vichaka, hewa hufuata mteremko. Asubuhi jua likishaipiga ardhi, hewa hupata joto na kupanda mlimani. Jioni kivuli kikiingia, hewa hupoa na kutiririka kuelekea bondeni mpaka kwenye kijito. Dungu lililo sahihi saa moja asubuhi linaweza kuwa baya kabisa saa nne, kwa kuwa hewa imegeuka huku mwindaji hajasogea. Saa ya kugeuka yenyewe, hewa inaposita na kuzunguka, ni saa mbaya kwa dungu lolote la bondeni.

Poda ya chupa ya kupimia upepo hukuonyesha mita mbili za kwanza tu. Chukua sufi ya mbegu za Asclepias syriaca, mmea wa kandokando ya mashamba ambao maganda yake hupasuka majira ya vuli, na uachie uzi mmoja mmoja kila baada ya muda. Utauona ukielea polepole, ukivuka njia uliyoikata, ukipanda kidogo, kisha ukazama ghafla nyuma ya mwerezi na kurudi ulikotoka. Hiyo ndiyo njia ya harufu yako. Ukishaijua, panga dungu ili harufu iangukie mahali ambapo kulungu hawapiti: kwenye kijito, ukuta wa mwamba, au shamba lililo wazi. Kupanda juu huisogeza harufu mbali kidogo inapoangukia, lakini korongoni jioni huanguka tu. Dawa za kuua harufu zipo nyingi madukani; mimi ningependa fedha hiyo inunue dungu la pili, ili uwe na mahali pa kukaa upepo ukibadilika.

Kamera iliyofungwa mtini inaonyesha kulungu wa usiku tu

Wanyama wapo, lakini si wakati uliopo wewe. Kabla ya kulaumu mwezi au hali ya hewa, chora kwenye karatasi malalo yao, chakula chao, dungu lako, na njia unayopitia kwenda na kurudi. Mara nyingi njia ya mwindaji hukata moja ya mambo mawili ya kwanza. Anayeingia alfajiri kwa kuvuka shamba la soya huwafukuza wanaokula gizani. Anayetoka jioni kwa tochi chini ya dungu lililo penye chakula huwafundisha wote waliopo kwamba mti huo una mtu. Wiki mbili za namna hiyo zinatosha kuligeuza dungu zuri kuwa la usiku.

Tiba ni kuhamisha njia kabla ya kuhamisha dungu. Kijito chenye maji ya kifundoni ni barabara nzuri, kwa sababu kingo zake hukuficha na maji hayahifadhi nyayo. Kwanguakwangua majani makavu katika mita 50 za mwisho siku yenye mvua, ili siku ya kuwinda ukanyage udongo mtupu. Ikiwa njia ni safi na bado ni usiku tu, dungu liko mbali mno na malalo. Sogea ndani, kati ya kichaka wanacholala na chakula chao, ili mnyama anayeamka nusu saa kabla ya kuzama kwa jua akukute kukiwa bado na mwanga. Septemba na Oktoba chakula hicho mara nyingi ni mbegu za mwaloni mweupe, ambazo zina uchungu mdogo kuliko za mwaloni mwekundu na huliwa kwanza. Mti mmoja unaodondosha ndani ya kichaka una thamani kuliko shamba zima lililo wazi. Katikati ya Novemba, madume yakifuata majike mchana, kosa la njia husameheka kidogo, na hapo ndipo wengi huamini dungu lao halikuwa na tatizo.

Umefyatua, kulungu ameondoka mzima

Nenda kwenye mstari wa mshale au risasi kabla ya kuugusa upinde au darubini. Katika kichaka chanzo cha kwanza ni kijiti. Hakuna risasi inayopasua vichaka bila kupotoka, hata nzito na ya mwendo wa pole. Kijiti kilicho karibu na mnyama hupotosha kidogo, kilicho karibu nawe hupotosha sana, kwa sababu safari iliyobaki ni ndefu.

Kwa upinde kuna mtego zaidi. Mshale huruka ukichora tao angani, hivyo njia inayoonekana wazi machoni inaweza kuwa na tawi juu yake litakaloupiga. Ukiwa umelenga kulungu wa yadi 30 kwa pini ya 30, yaani alama ya kulengea iliyo kwenye upinde kwa umbali huo, angalia pini ya 20 imeangukia wapi: ikiwa imefunika tawi lililo umbali wa yadi 20, mshale utalipiga tawi hilo. Jaribu hesabu hii ukiwa dunguni bila mnyama, kwa kila njia uliyokata.

Chanzo cha pili ni mwili wako. Anayefanya mazoezi ardhini na kuwinda juu hushusha mkono badala ya kukunja kiuno, na mshale hupita juu ya mgongo. Fanya mazoezi kutoka juu, ukiwa umevaa mkanda wako.

Amepigwa, damu haionekani

Urefu hulipisha hapa. Kutoka kwenye macho yaliyo mita 7 juu, kulungu aliye mita 20 unamtazama kwa mteremko wa takriban digrii 17, lakini akiwa mita 6 mteremko ni takriban digrii 45. Katika pembe hiyo kali mshale huingia juu ya mbavu, unaweza kupita pafu moja tu, na usipotokea upande wa chini damu yote hubaki ndani ya kifua. Tiba ni kulenga mahali pa kutokea, chini ya kifua upande wa pili, na kumwacha mnyama aliye chini kabisa ya mti asogee kwanza.

Mshale ukiupata, usome. Damu ya waridi yenye povu ni ya mapafu, na nusu saa ya kusubiri inatosha. Damu nyeusi nyeusi isiyo na povu mara nyingi ni ya ini; subiri kwa muda wa saa nne. Majimaji ya kijani au kahawia yenye harufu ya uchachu ni ya tumbo, na mnyama huyo aachwe saa 8 hadi 12, kwa sababu ukimfuata mapema ataamka pale alipolala na kuvuka bonde jingine bila kuacha tone. Joto la Septemba na koyote, mbwa-mwitu wadogo wa huko, hufanya subira hiyo iwe chungu, lakini kumwamsha ni kumpoteza, na mateso yake yataendelea mahali usipopajua.

Ndani ya kichaka tafuta damu kwa urefu wa jeraha: imepakwa kwenye majani na mashina ya pande zote mbili za ujia, zaidi ya ile iliyodondoka chini. Funga kitambaa penye alama ya mwisho kabla ya kusogea. Alama zikikatika, sheria ya Kentucky inaruhusu mbwa wa kufuata damu akiwa amefungwa kamba, na mwite kabla watu hawajakanyagakanyaga eneo. Alama zikivuka uzio, piga simu kwa mwenye ardhi kwanza. Kulungu aliyejeruhiwa hakupi ruhusa ya kuingia. Ukimpata, mwandike kwenye kumbukumbu yako ya mawindo kabla ya kuusogeza mzoga, na umripoti kwa simu au intaneti kabla ya saa sita usiku wa siku hiyo hiyo.